Albamu ya kwanza ya Yannick Noah: mliowahi kuisikia, mnaisikiaje?

Fundi wa Kasese

Habari zenu ndugu. Naomba niwaulize wenye masikio, maana hapa kwenye kibanda changu cha kushonea tumebishana wiki nzima na bado hatujaelewana.

Ni habari ya Yannick Noah, yule Mfaransa mwenye baba Mkameruni, aliyeshinda tenisi ya Roland Garros mwaka 1983 akimtoa Mats Wilander kwenye fainali. Mwaka 1991 alitoa albamu yake ya kwanza, Black & What, na wimbo uliovuma humo ni Saga Africa. Nataka kujua mnaisikiaje, kwa sababu mimi siwezi kuihukumu peke yangu. Imeshikana na mtu.

Nimezaliwa Kilembe, hapa Uganda magharibi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa shaba. Dada yangu mkubwa aliolewa Butembo, upande wa Kongo. Mume wake alikuwa akiuza vitenge, na karibu kila mwezi alivuka mpaka wa Mpondwe akalala kwetu kabla ya kuendelea na safari. Mwaka 1992 alifika na marobota yake na kaseti moja ndani ya mfuko wa koti. Jalada lilikuwa limeshapotea, ameandika mwenyewe kwa kalamu: NOAH. Mama alifurahi sana, akijua ni nyimbo za Nuhu na safina. Shemeji hakumkatisha. Aliiweka kwenye redio, gita likaanza kukimbia, na mama akacheza hivyo hivyo akiwa na mwiko mkononi.

Sisi Kifaransa hatukujua. Shemeji ndiye aliyetufasiria, anabonyeza kaseti isimame, anatuambia mstari, anaiachia tena. Kaseti ilichakaa kwa kubonyezwa vile. Shemeji amefariki mwaka jana. Mtoto wake wa kwanza, ambaye kwangu ni mwanangu kabisa, akaitafuta albamu hiyo akaniwekea kwenye flashi. Akaniambia, "Mama mdogo, hii ni ya baba, kaa nayo." Jumatatu nikaichomeka nikiwa napinda gomesi, lile vazi la akina mama, la mteja.

Sasa sikilizeni waliyosema watu.

Msichana mmoja kati ya hawa ninaowafundisha kazi aliinua kichwa nyimbo zilipobadilika, akauliza kama nimegusa redio, kwa vile mwendo ulikuwa mwingine. Nikamwambia ni mtu yule yule. Akasema basi huyu bado anatafuta nyumba yake.

Mama wa Kikongo anayeuza vitenge kibanda cha pili alikuja mbio kwa Saga Africa. Alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. Wimbo ulipoisha akasema, "Tamu, lakini si ya kwetu. Kwetu gita likishaingia kwenye sebene linakusahaulisha hata deni. Hii ni ya Douala." Akarudi kwa wateja wake.

Aliyeniumiza ni mwalimu mmoja mstaafu aliyeleta suruali nimpunguzie kiuno. Kusikia jina tu akasema anamkumbuka, nywele zile za rasta, raketi, mwaka 83. Nikamwomba akae asikilize. Akakataa. Akasema mchezaji akiimba ni kwa sababu tayari ana jina, na watu wanapigia makofi jina. Hakusikia hata nusu ya wimbo! Suruali nikampunguzia vizuri, lakini maneno yale yalinikaa.

Kwa hiyo naomba: makossa ya Kameruni ndani ya zuku ya visiwa vya Karibea, reggae, gita za Kizungu, vyote chungu kimoja. Mnasikia mtu anayejua anachopika, au mnasikia bingwa wa tenisi anayejaribu kila kitu? Semeni wazi, sitakasirika.

Besi ya Nsambya

Shikamoo mama. Pole kwa shemeji yako.

Mimi napiga gita la besi kanisani, hapa Kampala, mwaka wa kumi na moja huu. Nakuomba jambo moja: sikiliza Saga Africa kuanzia chini. Sauti yake iache, gita dogo liache, fuata besi peke yake. Huyo mama wa vitenge ana masikio mazuri sana, mpe salamu. Makossa ni muziki uliozaliwa Douala, Kameruni, na ndani yake besi haikai nyuma ikisubiri wengine. Inatembea mbele, inaongea, ndiyo inayokuambia mguu uende wapi. Kwa Wakongo wa sukusi gita la solo ndilo linalopanda juu, wimbo unafunguka katikati, sebene inaanza na waimbaji wananyamaza. Hao ni ndugu, lakini kila mmoja na mwendo wake. Ukisikia tofauti hiyo utaona Noah hakurusha vitu ovyo. Alianza na nyumba ya baba yake, halafu akafungua madirisha.

Kuhusu mwalimu, mimi nina mtu wa kumpelekea. Wayman Tisdale. Alicheza mpira wa kikapu kwenye ligi ya NBA ya Marekani misimu 12, na medali ya dhahabu ya Olimpiki alikuwa nayo tangu Los Angeles 1984. Mwaka 1995, akiwa bado anacheza, akatoa albamu yake ya kwanza ya jazi, akaiita Power Forward, jina la nafasi aliyokuwa akicheza uwanjani. Hakuficha alikotoka, akaandika juu ya jalada. Na ndani yake unasikia fanki na unasikia kanisa. Baba yake alikuwa mchungaji kule Tulsa.

Halafu jambo lililonifanya nimpende: Tisdale alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na alijifunza kwa gita la besi la mtu wa mkono wa kulia. Akaligeuza tu, nyuzi nene zikawa chini na nyembamba juu, akapiga hivyo hivyo maisha yake yote. Mimi nilijaribu siku moja baada ya ibada. Vidole vinakosa hata pa kushika. Mtu hafiki pale kwa sababu ya jina. Anafika kwa usiku mwingi peke yake na gita.

Mzee wa Redio, Mbale

Fundi, umesema tuseme wazi, basi nitasema.

Wimbo naujua na nilishaucheza. Lakini sauti ya Noah ni nyembamba, na kwenye nyimbo za polepole haina pa kujificha. Saga Africa imembeba kwa sababu ndani yake haimbi sana, anaita watu na watu wanaitika. Hiyo ni kazi ya nahodha, na nahodha alikuwa kweli. Desemba 1991, mjini Lyon, Ufaransa iliifunga Marekani kwenye fainali ya Kombe la Davis, lile la tenisi kati ya mataifa, ikiwa haijalishika kombe hilo tangu 1932. Noah ndiye aliyekuwa anaongoza timu ile. Ushindi ulipokamilika aliwapanga wachezaji nyuma yake, Forget, Leconte na wengine, wakazunguka uwanja wakicheza Saga Africa. Nchi nzima inatazama. Wimbo gani usingependwa siku hiyo? Mwalimu wako amekosea kukataa kusikiliza, hilo ni kosa, lakini hoja yake si ya kutupwa.

Na lipo jambo la pili linalonikera zaidi. Kiitikio kinasifu raha za porini. Porini! Afrika ikiimbwa kwa Wazungu lazima iwe pori? Noah amekulia Yaoundé, jiji lenye lami na shule. Nilipoelezwa maana yake nilihisi nimeuzwa kidogo.

Mtu wa Kasindi

Mimi ni mtu wa mpakani, nalala Kasindi na kufanya kazi Mpondwe, kwa hiyo nitaongea kama shahidi tu.

Miaka ile, kabla ya vita, wimbo huu ulipigwa harusini Butembo na Beni, katikati ya nyimbo za Kinshasa. Nilikuwa kijana. Na niwaambie ukweli: tulioucheza tulikuwa hatujui kuwa ni mtu wa tenisi. Tenisi tulikuwa hatuijui yenyewe. Nilidhani ni kijana fulani wa Douala mwenye bendi yake. Habari za raketi nimezipata nikiwa na mke na watoto watatu.

Mzee wa Mbale, sisi jina halikutusukuma na Kombe la Davis hatukuliona. Miguu ndiyo iliyokubali.

Fundi wa Kasese

Asanteni. Nimesoma yote mara mbili, na ya Mtu wa Kasindi nimewasomea wasichana kwa sauti. Mama wa vitenge naye nimemfikishia salamu zake, akacheka akasema mwenye besi aje anunue kitenge.

Mzee wa Mbale, shikamoo. Hilo la pori limenikalisha jana usiku. Nakumbuka shemeji alipofika kwenye neno hilo, alisimamisha kaseti na kukaa kimya kidogo. Halafu akatuambia hivi, nayasema kwa maneno yangu kwa sababu yake sinayo tena: huyu alizaliwa Sedan, Ufaransa, baba yake Zacharie akiwa mchezaji mpira kule, na ndiye aliyeshika Kombe la Ufaransa na Sedan mwaka 1961. Mtoto akapelekwa Kameruni akiwa mdogo. Mwaka 1971 Arthur Ashe, mchezaji tenisi wa Marekani, akapita Yaoundé, akamwona anavyopiga tenisi, akawaambia Wafaransa wamchukue. Akapelekwa Nice, mbali na wazazi, angali mtoto wa shule. Shemeji akasema mtoto aliyeondolewa nyumbani mapema akiimba nyumbani, anaimba alichokumbuka, na alichokumbuka ni likizo na jasho na ngoma, hakumbuki lami. Mimi sikatai kwamba neno linachoma. Mzungu akilisikia atacheka kicheko kingine, hilo umenena kweli. Lakini nikilisikia kwa sauti ya Noah nasikia mtoto wa bweni.

Na hata jina la albamu, Black & What, mimi nalichukua hivyo. Kwa Kiingereza watu wamezoea kusema nyeusi na nyeupe, yeye akalivunja pale pa pili akaweka swali. Mama yake Mzungu, baba yake Mweusi. Ndiyo sababu nimeshindwa kukubaliana na msichana wangu aliposema anatafuta nyumba. Sisi wa Kilembe, ukimsikia mtu mgodini anaanza sentensi kwa Kiswahili, anaweka Lukonzo katikati, anamaliza kwa Rutooro, hukumwambia anatafuta nyumba. Ulijua mama yake ni nani, na foreman wake ni nani, na ameoa wapi. Nilimweleza hivyo. Akafikiri, akasema, "Basi mama, wimbo wa polepole ni wa mama yake." Sijui kama ni kweli, lakini tangu hapo anausikiliza bila kuinua kichwa.

Kuhusu sauti nyembamba, nakubali, Mzee. Kwenye nyimbo za polepole inapungua kama uzi unaoishia kwenye kibobini. Ila nauliza: kama ilikuwa jina tu na furaha ya siku moja ya Lyon, mbona watu waliendelea kumfuata? Septemba 2010 alisimama kuimba kwenye uwanja mkubwa wa Stade de France, miaka 27 baada ya lile kombe lake la Roland Garros. Waliokuwa na miaka kumi pale hawakumwona akicheza hata pointi moja.

Besi ya Nsambya, marahaba mwanangu. Nimefanya ulivyoniambia. Nilisubiri wasichana waondoke, nikazima overloki maana inavuma kama besi yenyewe, nikakaa chini karibu na redio. Mara ya kwanza sikuipata. Mara ya pili ikatokea, nikashangaa kwamba miaka yote hii mguu wangu ulikuwa unaifuata na mimi sijui. Shemeji alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa vidole viwili akiwa anasubiri chai, gonga gonga, halafu anaacha nafasi, halafu gonga. Dada alikuwa akimkemea kwamba anamtikisia vikombe. Ni ile ile. Ni besi ya Saga Africa alikuwa akigonga.

Nimempigia dada simu Butembo nikaiweka redio karibu na kipaza sauti. Hakusema kitu mpaka wimbo ukaisha, akaniambia nirudie.

Mwanangu anakuja Jumapili. Nitamwomba aniongezee huyo Tisdale kwenye flashi, na mwalimu akija kuchukua suruali yake nitamwekea yeye kwanza, bila kumtajia jina.

Besi ya Nsambya

Mama, ukimwekea mwalimu, usimwambie chochote mpaka aanze kutikisa kichwa. Mpe salamu dada yako.

Mzee wa Redio, Mbale

Marahaba, Fundi. Ile ya meza na vikombe imenifikia. Kesho nitauweka tena nisikilize chini, kama kijana alivyosema. Kuhusu pori bado sijalegea.