Naomba ushauri: vijana wa kanisa kwenda kujenga nyumba zilizoharibiwa na kimbunga Helene, twende au tutume fedha?

Mlezi wa Vijana:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mlezi wa vijana katika kanisa linaloabudu kwa Kiswahili hapa Marekani, na ninaomba ushauri wa wenye uzoefu kabla baraza la wazee halijakaa kuamua. Vijana wetu 22, wenye umri wa kati ya miaka 14 na 19, wameomba kwenda magharibi mwa North Carolina kwa siku sita, wasaidie kujenga upya nyumba zilizoharibiwa na kimbunga Helene. Kimbunga hicho kilitua pwani ya Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024 kikiwa cha daraja la 4, lakini eneo lililopoteza watu wengi zaidi lilikuwa mbali na bahari, kule milimani, ambako mito ilifurika ikabeba nyumba, madaraja na hata vipande vya barabara kuu ya I-40. Katika jimbo la North Carolina peke yake walifariki watu zaidi ya 100. Familia nyingi hazikuwa na bima ya mafuriko, kwa kuwa bima ya kawaida ya nyumba hapa nchini hailipi hasara ya mafuriko, na ni wachache wanaoishi mlimani waliowahi kufikiri kwamba wataihitaji.

Kinachoninyima usingizi ni safari yetu iliyotangulia, iliyofuata kimbunga kingine. Tulipangiwa nyumba ya mzee mmoja anayeishi peke yake. Kwa siku tatu tulifunga mbao za jipsamu katika vyumba viwili, tukapaka rangi, tukapiga picha, tukaomba naye, tukaondoka tukiwa na furaha. Baada ya miezi mitatu alinipigia simu, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko kama angenifokea, kwamba kuta zimetoka madoa meusi na nyumba inanuka. Nguzo za ndani ya ukuta zilikuwa bado zimelowa tulipozifunika. Ilibidi kazi yetu yote ibomolewe, naye akalala tena sebuleni. Aliyetuongoza hakupima unyevu, na mimi sikujua kwamba huwa unapimwa.

Sasa safari hii mpya itagharimu takriban dola 9,000, na mzee mmoja wa kanisa ameuliza swali la haki kabisa: kwa nini fedha hizo zisitumwe kwa mafundi wa kule kule? Vijana nao wananijibu kwamba familia zao zilipofika nchi hii zikiwa za wakimbizi, kuna watu wasiowafahamu waliokwenda kuwapokea uwanja wa ndege na kuwabebea makochi hadi ghorofani, wala hawakutuma hundi tu. Nimeshindwa kuupatanisha upande huu na ule. Tafadhali nishaurini.

Fundi Seremala:

Ndugu mtoa mada, pole kwa yaliyomkuta yule mzee, na nakupongeza kwa kuyaeleza bila kujificha. Nimefanya kazi ya useremala kwa miaka mingi, nikiwa na wafanyakazi wa kulipwa na wa kujitolea, na kosa mlilolifanya ninyi nimeliona mara nyingi mno.

Mbao iliyozama kwenye mafuriko hukauka juu kabla ya kukauka ndani. Ukiigusa kwa kiganja utaapa kwamba ni kavu. Nunueni kipimo cha unyevu, kifaa kidogo kinachoenea mkononi, chenye meno mawili ya chuma. Yabonyezeni meno hayo kwenye nguzo, sehemu ya chini karibu na sakafu, kwa sababu maji hukawia huko, na pimeni pia ule ubao wa kulala ambao nguzo zote zimesimama juu yake, maana ndio wa mwisho kukauka. Andikeni namba kwa penseli juu ya mbao yenyewe, pamoja na tarehe, ili atakayekuja kesho aone kama inashuka. Mimi sifungi ukuta kabla namba haijashuka chini ya asilimia 15. Ikiwa ni 22, hata kama vijana wamesafiri siku nzima na jipsamu imekwisha kupakuliwa, ukuta haufungwi. Washeni feni na mashine za kukausha hewa, kisha mwende mkafanye kazi nyingine. Uamuzi huo ni mgumu kwa kiongozi, kwa sababu kila mtu ana hamu ya kuacha kitu kinachoonekana.

Kuhusu umri, sheria ya kazi ya nchi hii inamkataza mwajiri kumpandisha juu ya paa mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Vijana wenu hawaajiriwi, lakini paa halimwulizi mtu kama analipwa. Walio chini ya umri huo wabaki chini, nako kazi si haba: kung'oa misumari, kupima na kukata mbao, kupaka rangi, kuweka sakafu. Tafuteni fundi mmoja kwa kila vijana watano au sita. Kama hampati mafundi wa kutosha, punguzeni vijana.

Mama wa Houston:

Mimi nasema kama niliyefikwa. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kiliganda juu ya eneo letu kwa siku kadhaa, sehemu nyingine za Texas zikapata zaidi ya milimita 1,500 za mvua, na maji yakaingia nyumbani kwangu hadi usawa wa kiuno. Walikuja vijana wa kanisa moja, wenye nguvu na nia njema, na kwa nusu siku wakawa wamekwisha kutoa kila kitu na kukirundika kando ya barabara. Jioni nilipolizunguka lile lundo nilikuta ndani yake kopo la bati lenye vifungo vya mashati ya marehemu mume wangu. Kwao lilikuwa kopo lenye kutu, na hakuna aliyeniuliza.

Siku ya pili msichana mmoja, nadhani alikuwa na miaka 15, aliletwa akae nami kwa kuwa alikuwa na pumu na hakuruhusiwa kuingia ndani. Tulikaa kwenye viti vya plastiki na ndoo mbili za maji, tukaosha uma na vijiko kimoja kimoja, na kwa kila chombo aliniuliza, "Hiki tunakiweka?" Kuta zangu zilijengwa na mafundi wa kulipwa, wala simkumbuki hata mmoja wao kwa sura. Huyo binti namkumbuka. Sisemi fedha si kitu, kwa maana bila fedha nisingekuwa na kuta. Nasema tu kwamba mkienda, wafundisheni vijana kuuliza kabla ya kutupa, na mwenye nyumba asiharakishwe kwa sababu ninyi mna siku sita.

Muuguzi:

Naongezea upande wa afya, kwa sababu hapo ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi. Kazi ya kuondoa tope na kuvu si ya watoto. Taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, CDC, inaelekeza kwamba watoto wasishiriki usafishaji baada ya maafa, na wenye pumu au kinga dhaifu wasiingie kwenye nyumba yenye kuvu. Watu wazima watakaoingia wavae barakoa za N95 zinazobana uso vizuri, glavu na miwani ya kinga. Msichanganye kamwe dawa ya klorini na dawa yenye amonia, kwa maana hutoa gesi ya sumu. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 huenda ikawa na rangi yenye madini ya risasi, hivyo vijana wasiikwangue wala kuipiga msasa mpaka ipimwe.

Kila mmoja athibitishe chanjo ya pepopunda mapema, si usiku wa kuamkia safari. Fomu ya ridhaa ya mzazi iandikwe kwa lugha ambayo mzazi anaisoma, itaje kazi zenyewe, na iwe na namba ya bima ya afya ya mtoto. Jambo moja watu hulisahau: aliyetimiza miaka 18 mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hutakiwa kisheria kutembea nayo.

Mhasibu:

Mimi naungana na yule mzee wa kanisa. Dola 9,000 zikifika kwa fundi wa pale pale, zinajenga nyumba na kulisha familia ya fundi ambaye huenda naye alipoteza nyumba. Vijana wenye umri wa miaka 14 hawatakamilisha kazi yenye thamani hiyo kwa siku sita, na upendo wao hauigeuzi hesabu hiyo.

Mratibu wa Kujitolea:

Ndugu Mhasibu ana hoja, ila msiamue kabla ya kuuliza wenyeji. Baada ya maafa makubwa, kaunti nyingi huwa na kamati ya urejeshaji wa muda mrefu, inayounganisha makanisa, mashirika na ofisi za serikali, yenye watu wanaofuatilia kila familia na kujua ni nyumba ipi iko tayari kwa hatua ipi. Wapigieni, waelezeni idadi yenu, umri na ujuzi, kisha mwulize kama wanahitaji watu au vifaa. Majibu hubadilika kadiri muda unavyopita: miezi ya kwanza kuna watu wengi kuliko kazi iliyopangwa, na miaka inayofuata, kamera zikishaondoka, hukosekana hata wa kupaka rangi. Wekeni pia daftari la mahudhurio lenye jina, tarehe, saa na kazi iliyofanyika, kwa sababu kwa baadhi ya kazi saa za kujitolea zinaweza kuhesabiwa katika sehemu ya gharama ambayo serikali za mitaa hutakiwa kuchangia ili zipate fedha za FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa.

Mlezi wa Vijana:

Nawashukuru nyote, na wewe Mama wa Houston, maneno yako nimeyasoma mbele ya vijana. Tumezungumza na kamati ya kaunti. Wamesema wanaweza kupokea watu wanane wenye miaka 18 na zaidi, pamoja na mafundi wawili, kwa kazi ya sakafu na rangi katika nyumba ambayo imekwisha kukauka. Nitapeleka pendekezo hilo kwa wazee, pamoja na kuomba fedha zitakazobaki zinunue vifaa ambavyo kamati yenyewe itavitaja. Wadogo hawakufurahi, na sikuwalaumu.

Kabla ya hapo nilimpigia simu yule mzee wetu. Chumba kimoja kilitengenezwa upya, cha pili bado kina nguzo tupu. Nilimwomba ruhusa tufike kwanza kwake na kipimo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza tutafika siku gani, ili asogeze kitanda.