Kikazi Kampala na Mbale: nile wapi chakula cha wenyeji bila kuchelewa mikutano?

mgeni_wa_ziwa
Wakuu, habari za huko. Natoka Mwanza kuja kikazi wiki ijayo, siku tatu Kampala na mbili Mbale. Hoteli niliyopangiwa ina bufee ile ile ya wali, kuku na saladi, na sioni sababu ya kuvuka mpaka ili nikale chipsi. Nataka kula wanakokula wenyeji. Yanayonibana ni matatu: vikao vinaanza saa tatu asubuhi na saa nane mchana, sili nguruwe, na mhasibu wetu hataki kusikia matumizi yasiyo na risiti. Niagize nini, wapi, na nijihadhari na nini?

kiti_cha_mbao
Karibu sana ssebo (bwana). Kabla hujauliza wapi, angalia saa. Chakula cha Kampala kina wakati wake, na ukikosa wakati huo unaletewa kilichopashwa moto.

Asubuhi kula katogo. Ni matooke, yaani ndizi za kupika, yaliyomenywa na kuchemshwa sufuria moja na utumbo, maharage, karanga au nyama. Vibanda vingi huanza kupakua saa moja, na kufika saa nne kilichobaki ni cha chini ya sufuria. Ya utumbo ndiyo yenyewe, lakini ndiyo pia inayoharibika upesi mikononi mwa mpishi mvivu, kwa sababu utumbo usiosuguliwa vizuri hauponi kwa viungo. Inuse kabla ya kulipa. Ukiona shaka, chukua ya maharage uende zako kazini.

Mchana, usiondoke Kampala bila luwombo. Jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto mpaka lilegee, uti wake wa nyuma ukapunguzwa kwa kisu ili lisipasuke likikunjwa. Ndani hutiwa kuku, nyama ya ng'ombe, au mchuzi wa karanga wenye samaki wa kukaushwa kwa moshi. Linafungwa juu kwa kamba ya mgomba, linasimamishwa kwenye sufuria na kupikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Ndiyo maana haipikwi ukiwa umekaa unasubiri: wanafunga idadi fulani asubuhi, zikiisha zimeisha. Fika saa sita na nusu. Ukija saa nane kasoro utaambiwa imebaki ya karanga tu (ambayo, kwa maoni yangu, inaishinda ya kuku).

Kuna wajanja wanaopika nyama kwenye sufuria ya kawaida kisha wanaimwaga kwenye jani dakika ya mwisho. Litazame jani. Lililokaa kwenye mvuke limebadilika rangi, limekuwa la kahawia-kijani, laini, na mchuzi una harufu yake. Likiwa bado kijani kibichi na kavu kwa nje, umeuziwa mchuzi wa kawaida uliovalishwa.

Jinsi ya kuagiza: unachochagua na kulipia ni mchuzi, yaani kuku, nyama, samaki, maharage au karanga. Vyakula vyenyewe, matooke, wali, posho (huku ndiyo ugali), viazi vitamu, mihogo, boga, huja pamoja kwenye sahani hiyo hiyo bila kuongezewa bei. Wageni huagiza kimoja kimoja kisha wanashangaa mlima uliowekwa mbele yao. Mwambie apunguze tangu mwanzo, hasa kama una kikao saa nane. Na uyale matooke yakiwa moto, maana yakipoa yanakuwa magumu.

Uliza kuhusu karanga kama zinakudhuru. Siyo mchuzi wa karanga peke yake, hata mboga za majani na samaki wakavu mara nyingi huungwa nazo bila kutajwa.

hesabu_za_posho
Niseme la risiti, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika.

Migahawa mikubwa iliyosajiliwa kwa VAT hutoa risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), yenye namba ya uhakiki na msimbo wa QR. Iombe kabla hujalipa, kwa sababu wakishafunga hesabu huwa wazito kurudi nyuma. Kibandani hakuna kitu kama hicho, na usimlaumu mama wa watu, biashara yake haimlazimu kujisajili VAT.

Kwa vibanda una njia mbili. Ya kwanza, lipa kwa namba ya mfanyabiashara ya MTN au Airtel, siyo kwa kumtumia mtu kwenye simu yake. Ujumbe wa malipo ya mfanyabiashara unaonyesha jina la biashara, kiasi, saa na namba ya muamala. Ukimtumia mtu binafsi linatoka jina la mtu, na mhasibu atakuuliza huyo ni nani yako. Ya pili, nunua kitabu kidogo cha risiti kwenye duka la vifaa vya ofisi, mwenye kibanda ajaze mwenyewe: tarehe, ulichokula, kiasi, namba yake ya simu na saini. Usimjazie wewe. Miandiko inayofanana kwenye risiti tano humwamsha mkaguzi yeyote.

Muulize mhasibu wako kabla ya kuondoka kama unalipwa posho ya siku au gharama halisi. Kama ni posho ya siku, haya yote hayakuhusu, kula kwa amani.

Beba noti za 1,000, 2,000 na 5,000. Ukitoa ya 50,000 kwa mlo wa kibandani utamfanya mtu azunguke mtaa mzima kutafuta chenji huku dakika zako zinakwisha.

chapati_moto
Mmemsahaulia jioni.

Kwanza rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. Nenda Wandegeya, karibu na Makerere, vibanda vinafanya kazi mpaka usiku. Mayai mawili hupigwa kwenye kikombe na kitunguu, kabichi, nyanya na chumvi, yakamwagwa kwenye bamba lenye mafuta, chapati ikawekwa juu yake, ikageuzwa, ikaviringishwa. Kinachoharibu ni chapati iliyopikwa asubuhi. Chagua kibanda ambacho mtu anasukuma unga hapo hapo, au mwambie aipashe chapati kwanza pande zote mbili kabla ya mayai. Nyanya ziingie mwishoni, zikitangulia zinatoa maji na yai halishikani. Na usikubali ifungwe kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) ukaibeba hotelini: inatoa jasho, ukifika ni tope. Gazeti au karatasi, na uile palepale.

Pili, kwa asiyekula nguruwe: vituo vingi vya muchomo (nyama choma) jioni huchoma nguruwe, na jiko huwa moja. Kuuliza "kuna mbuzi?" hakutoshi, uliza kama wavu ni mmoja. Ukitaka kuondoa mashaka kabisa, nenda Kisenyi kwenye hoteli za Wasomali au pande za Old Kampala karibu na msikiti mkuu. Huko Kiswahili chako pia kitakufikisha. Kwingine anza na salamu na "ssebo" au, kwa mwanamke, "nnyabo", ndipo uulize bei.

kiti_cha_mbao
@chapati_moto kweli kabisa la wavu. Hata luwombo aulize, kuna wanaofunga ya nguruwe.

mgeni_wa_ziwa
Asanteni sana wakuu, hasa la kitabu cha risiti. Watu wa ofisini wananiambia lazima niende Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, kula samaki. Mnasemaje? Na njiani kwenda Mbale, na Mbale kwenyewe?

chapati_moto
Ggaba ni pazuri, ila wewe wa Mwanza utakula sato wale wale wa ziwa lile lile, hapa wanaitwa ngege. Ukienda, chagua samaki mwenyewe akiwa mbichi: macho angavu, mashavu mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Patana bei kabla hajaingia kwenye mafuta, kwa sababu akishakaangwa huna la kusema. Mzima mwenye mikato ubavuni huchukua muda kuiva mpaka mfupani, na foleni ya jioni kurudi mjini usiichezee. Iwe siku isiyo na kikao baadaye.

mlima_masaba
Mbale niachieni mimi.

Njiani, baada ya Mukono kabla ya msitu wa Mabira, utasimama Namawojjolo. Wachuuzi watalizunguka gari na kuku wa vijiti na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Usichukue kinachopeperushwa dirishani, hicho kimezungushwa kwenye magari kumi. Shuka, nenda kwenye jiko, onyesha kipande kilicho motoni. Kiachanishe kwenye kiungo cha paja. Ukiona damu mfupani, kirudishe kwenye makaa. Moto mkali hupaka rangi nje haraka huku ndani bado. Gonja haina shida hiyo, nunua mbili.

Mbale agiza malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yanakaushwa kwa moshi, kisha hulowekwa, huchemshwa muda mrefu, hukatwakatwa na kuungwa kwa karanga za kusaga. Huliwa na matooke. Mpishi akiharakisha kuchemsha, unatafuna nyuzi. Akiacha karanga kwenye moto mkali bila kukoroga zinashika chini, na ladha ya kuungua huwezi kuitofautisha na ya moshi mpaka umeshalipa. Kwa hiyo omba uonje kijiko kwanza, hakuna atakayekasirika.

Si kila mgahawa unapika malewa kila siku. Pita asubuhi au piga simu, weka oda, sema utakuja saa ngapi. Ukifika tu saa saba bila kusema, utapewa kuku na wali kama ule wa hotelini kwako.