Mjomba anachanganya mchele na kuuita Kyela, na mteja ameniuliza uso kwa uso

Mpunga_Mbichi (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, matusi niwekeeni akiba.

Nauza kwenye duka la mchele la mjomba wangu, soko moja la nafaka hapa Dar. Mjomba ndiye aliyenilea na kunilipia ada, kwa hiyo simzungumzii hapa kama bosi tu. Ni mtu wa ibada, na kwenye mzani hana mchezo. Stika ya Wakala wa Vipimo haikosi, na akiona nimepima kilo ikaelemea upande wa duka ananiambia niongeze. Gramu ya mtu hali.

Tatizo ni jina. Mchele wa Kyela, ule wa Mbeya unaosifika kwa harufu, ananunua kweli, lakini kila gunia moja la Kyela linamwagwa kwenye turubai pamoja na mawili ya SARO, aina nyingine ya mchele, ya bei nafuu, kutoka Mbarali, tunageuza kwa koleo, halafu kibao kinasoma KYELA SUPER. Harufu inabaki kiasi cha kumridhisha anayeshika kiganjani na kunusa. Nikimuuliza anasema, "Mchele ni mchele, na Mbarali nako ni Mbeya."

Sasa kuna mama anayepika shughuli, mteja wetu mkubwa. Harusi iliyopita wali wake ulitoka nusu umeshikana, nusu una kiini, akaaibika mbele za watu. Juzi kaja, hakugomba, akaniuliza taratibu tu: "Mwanangu, hii ni Kyela tupu?" Nikamwambia mwenye duka hayupo, arudi Jumamosi. Anataka magunia matatu.

Nikisema kweli, nimemvua nguo mjomba. Nikinyamaza, namtwisha yule mama aibu nyingine. Nifanyeje?

Bandari_Kavu

Unajitafutia presha bure. Soko zima linachanganya. Weka Kyela tupu kwa bei yake halisi uone kama jirani hatakubebea wateja wote kwa kibao kilekile na bei ya chini. Mwambie mama ni Kyela, mpunguzie kidogo, maisha yaendelee.

Mama_Sufuria

Bandari, wewe hujawahi kusimama mbele ya sufuria la kilo hamsini huku MC anaita watu wakachukue chakula.

Mleta mada, nakueleza kilichomkuta mwenzangu. Mchele wa aina mbili haunywi maji sawa. Na ukiwa mmoja ni wa msimu huu na mwingine wa mwaka jana, ndiyo balaa kabisa: mpya unashika mapema, wa zamani bado unadai maji. Ukiongeza maji, mpya unakuwa bokoboko. Usipoongeza, wa zamani unabaki na kiini. Hakuna mpishi wa kuokoa hapo, na unagundua ukishafunua mfuniko, wageni wameshanawa.

Halafu kuna jambo wauzaji hamlijui kwa sababu hamtuulizi. Kwa pilau mimi Kyela siitaki. Bizari, mdalasini na iliki vinafunika ile harufu yote, hela imeenda bure. Natafuta SARO ya zamani, inachambuka punje punje na bei ni nafuu. Kyela naitaka kwa wali mweupe au wali wa nazi. Huyo mama ukimwambia kweli, huenda akanunua hiyohiyo mnayoificha.

Kibatari

Hii "kila mtu anafanya" inaniudhi. Mnakumbuka mafuta ya taa yalivyokuwa yanachanganywa kwenye dizeli kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo? EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba vya kutambua mafuta yaliyochanganywa 2010, haikutosha, bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchakachua kusiwe na faida. Waliochanganya walikuwa watu wa magari na visima vya mafuta. Aliyelipa ni bibi yangu kijijini na kibatari chake, ambaye hajawahi hata kumiliki baiskeli.

Mwea_Kwetu

Nawasalimu kutoka Nairobi. Hapa ni pishori, mchele wetu wa kunukia, ya Mwea. Mfuko umeandikwa Mwea, ndani kuna mchele wa kutoka nje umechanganywa na pishori kidogo ya kunusia. Matokeo yake, watu wengi siku hizi hawaamini duka. Mtu akipita Kirinyaga anasimamisha gari na kununua kinuni, au anamtuma jamaa yake. Wenye maduka wanalia biashara imepungua.

Msafiri_wa_Ghuba

Ndugu yangu, umesema mjomba ni mtu wa ibada. Kama ni Muislamu, kuna hadithi anaijua. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaambiwa, basi mbona hukuuweka juu watu wakauona? Kisha ndipo likaja lile onyo kuwa anayeghushi si katika sisi. Angalia hapo: yule bwana hakuamriwa akakitupe chakula chake. Aliulizwa kwa nini hakuuweka juu ule unyevu.

Dalali_Mstaafu

Nimekaa kwenye nafaka muda mrefu, tangu enzi za kufuata mpunga shambani kwa Fuso. Nitasema ninavyoona, ukichukua sawa, ukiacha sawa.

Kwanza, usimjibu mama kabla hujaongea na mjomba. Akisikia kwa mteja kwamba umemsema, hapo umeua udugu na duka kwa mpigo. Una siku mbili tatu, zitumie. Mfuate nyumbani, akishakula, mkiwa wawili. Na neno "unadanganya" lisitoke mdomoni mwako. Mwambie, "Mjomba, yule mama ameniuliza, na mimi siwezi kumjibu. Naomba umjibu wewe." Ishia hapo, umwachie. Mtu anayeogopa kupunja gramu ataona mwenyewe.

Pili, kuchanganya si kosa. Viwanda vya chai vinachanganya majani ya mashamba tofauti na hakuna anayelalamika. Kosa ni kibao. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Mjomba anaona yuko salama kwa sababu mzani wake ni safi, lakini stika ya vipimo inasema kilo ni kilo. Haisemi kilo ya nini.

Tatu, na hapa Bandari ana hoja, msimdharau: mkiandika ukweli, mtapoteza wapita njia. Anayenunua kilo mbili akiwa njiani kwenda kituoni anaangalia bei na kibao, basi. Atakwenda kwa jirani. Kinacholipa kodi ya fremu ni mama kama huyu, hoteli, shule, watu wanaorudi na magunia. Fanyeni hesabu yao kwanza.

Nne, kama mnanunua shambani, angalieni na huko. Nimewajua watu wanaompakia mkulima lumbesa kule, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, wakifika mjini wanachanganya. Wanakula kichwa na mkia.

Bandari_Kavu

Dalali nimekusikia. Lakini kumbuka kijana anakula na kulala kwa mjomba. Ninyi mnashauri mkiwa kwenu.

Mpunga_Mbichi

Wakuu, nawashukuru, nimerudi na mrejesho.

Nilimfuata Alhamisi usiku. Nikasema kama Dalali alivyoelekeza, neno kwa neno. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi ni mwizi?" Nikamwambia hapana, ila mimi ndiye ninayeulizwa. Akaniambia nikalale. Nikajua kazi sina.

Jumamosi alikuja dukani mapema kuliko mimi. Mama alipofika akamweleza mwenyewe kwamba ule ulikuwa mchanganyiko. Mama akafoka, akasema yote aliyokuwa ameyabana tangu harusini, mjomba kainamisha kichwa. Mwishowe akachukua magunia mawili ya SARO kwa ajili ya pilau na moja la Kyela. Mama Sufuria, ulijuaje?

KYELA SUPER bado ipo, ila sasa imewekwa kwenye gunia la Kyela peke yake. Lile la pembeni limeandikwa MCHANGANYIKO kwa chaki. Shida ni ileile aliyoitaja Dalali: wapita njia wanaguna bei, wanavuka kwa jirani. Mjomba hasemi kitu, ila kila mtu akivuka ananitazama.

Dalali_Mstaafu

Usimshawishi ashushe bei ya Kyela, atarudi kwenye turubai. Wekeni kibakuli kidogo juu ya kila gunia, mteja anuse yote matatu, Kyela, SARO na mchanganyiko, kabla hajauliza bei. Na chaki futeni, andikeni kwa rangi.