Tupeane uzoefu: mabango ya matangazo ya zamani kwenye reli zetu za mfano

BandaJekundu (Columbus, Ohio), mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Habari za injini, waya na mabehewa tumeshazichambua sana. Leo naomba tuzungumzie mabango, yale matangazo ya zamani tunayobandika kwenye kuta, mabanda na stesheni za reli zetu za mezani. Mwenye kisa alete: ulibandika nini, kikaharibika nini, ukarekebishaje. Naanza mimi.

Reli yangu ni ya HO, uwiano wa 1:87. Ni bonde la mto Ohio, mwaka 1954, wakati injini za mvuke na za dizeli zilikuwa bado zinapishana njiani. Nilinunua karatasi ya mabango yaliyokwisha kupigwa chapa, rangi safi kabisa, nikabandika tangazo la duka la samani kwenye ghala la matofali kando ya stesheni. Likakaa miaka miwili. Jumapili moja akaja mzee jirani yangu, mstaafu wa posta, na mjukuu wake. Mzee akavaa miwani, akainama, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Hili duka lako lina namba ya ZIP." Namba za ZIP, yaani namba za maeneo za posta ya Marekani, zilianza Julai 1963. Miaka tisa mbele ya treni zangu! Herufi zenyewe hazifiki hata milimita moja, lakini mtu aliyesambaza barua maisha yake yote aliziona. Niliumia, kwa sababu injini zangu nimezichunguza mpaka namba za ubavuni. Tangu siku hiyo sibandiki kitu kabla ya kukisoma chote kwa kioo cha kukuzia.

Ninalojivunia ni banda la Mail Pouch. Ukipita vijijini Ohio au West Virginia bado utayaona: mabanda ya mbao yenye ubavu mweusi na maandishi makubwa meupe na ya njano yanayotangaza tumbaku ya kutafuna. Kampuni ya Bloch Brothers ya mji wa Wheeling ilimpakia mkulima banda lake rangi, nayo ikapata ule upande unaotazama barabara. Mchoraji wao wa mwisho, Harley Warrick, anatajwa kuwa alichora mabanda kama 20,000 kwa mkono wake. Sasa, kitu kilichochorwa kwa brashi juu ya mbao hakiwezi kuonekana kama karatasi. Mimi nilifanya hivi: nilipiga chapa tangazo kwa printa ya leza, nikaligeuza kifudifudi, nikalisugua mgongo kwa msasa laini taratibu mpaka nikiliinua kwenye taa naona herufi kwa nyuma. Nikapaka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, nikalilaza, na kabla halijakauka nikaligongagonga kwa mswaki wa zamani ili lizame kwenye mifereji ya mbao. Lilipokauka nikapitisha wembe mpya kwenye kila mfereji. Kingo nilizipaka kalamu nyeusi mapema, maana ule weupe wa ukingo wa karatasi ndio unaoumbua kazi yote.

Karibuni.

Chembe160 (Dar es Salaam)

Mkuu, umetaja printa ya leza na umepita haraka, ila hapo ndipo nilipolizwa mimi. Nina reli ya N, 1:160, imekaa juu ya mlango mmoja wa mbao chumbani. Mabango yangu ya kwanza, kumi na mawili, niliyapiga chapa nyumbani kwa printa ya wino wa maji. Nikayakata usiku kucha kwa kibano na wembe. Gundi ilipoyagusa, wino ukatambaa. Nyekundu ikawa waridi, herufi zikawa madoa. Kumi na mawili yote, ndani ya dakika tano.

Siku hizi naenda duka la steshenari lenye printa ya leza. Nawapa picha kumi na mbili kwenye karatasi moja, gharama ni ya ukurasa mmoja tu. Kama huna budi kutumia wino wa maji, puliza kwanza vanishi, mikono miwili myembamba, acha ikauke kabisa, ndipo ukate. Na sisi wa pwani tuna unyevu: karatasi ikibandikwa kwa gundi haba, masika yakifika inanyanyua pembe. Paka gundi mpaka ukingoni.

KitovuChaChuma (Birmingham, Uingereza)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Tanga, nipo huku miaka mingi, reli yangu ni ya OO, 1:76, stesheni ndogo ya mashambani mwaka 1935. Mabango ya stesheni za Uingereza ya wakati huo si karatasi wala rangi ya brashi. Ni bati la chuma lililopakwa unga wa kioo wenye rangi, likaingizwa tanuru, unga ukayeyuka na kushikana na chuma. Jiji hili lilikuwa na kiwanda cha Patent Enamel, kilichojengwa mwaka 1889 kwa kazi hiyo hiyo. Sabuni, wino, haradali, chai, vyote vilitangazwa hivyo kwenye uzio wa stesheni, bango kwa bango.

Kosa langu lilikuwa vanishi. Nilizoea kupuliza vanishi isiyong'aa juu ya kila kitu, majengo, watu, mabehewa, maana mng'ao huifanya reli ionekane kama kitu cha kuchezea. Nikapuliza na mabango. Yakawa kama makadi ya mwaliko. Nilikaa wiki kadhaa najua kuna kitu hakipo sawa na sikijui. Nikapanda treni ya Severn Valley, reli ya kumbukumbu iliyo karibu nasi, nikasimama mbele ya bango halisi jukwaani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kioo kile kilikuwa kinang'aa kama sahani iliyooshwa. Kuzunguka matundu ya misumari kioo kimebanduka, duara jeusi, na chini ya kila tundu mchirizi wa kutu umeteremka, mwembamba, umenyooka. Kutu ilikuwa hapo tu na pembeni. Katikati, rangi ilikuwa kama ya jana.

Niliporudi nikayatoa yote. Sasa kila bango linapata tone la vanishi inayong'aa, kisha kwa ncha ya sindano naweka nukta ya rangi ya kahawia kwenye pembe nne, na nikiwa na brashi yenye spiriti kidogo naivuta ile nukta kwenda chini mara moja tu. Bango la inchi 36 kwa 24 kwa uwiano wetu ni milimita 12 kwa 8. Ukizidisha nukta, umelimaliza.

Jambo jingine nataka kulisema wazi. Nilipotafuta picha za matangazo ya enzi hizo nilikutana na ya sabuni yaliyomchora Mwafrika kana kwamba weusi wake ni uchafu wa kuosha. Yapo, ni historia, na wapo wanaouza nakala zake ndogo kwa ajili ya reli za mfano. Mimi sikuyaweka na sitayaweka. Wanangu wanakaa mbele ya reli ile kila jioni. Uzio wangu una nafasi mbili tupu, na uzio halisi nao ulikuwa na nafasi tupu.

BandaJekundu

Kaka, hapo kwenye nafasi mbili tupu niko na wewe moja kwa moja. Swali la fundi: hiyo spiriti haigeuzi vanishi kuwa nyeupe? Mimi niliwahi kupitisha wino uliozimuliwa kwa spiriti juu ya ukuta wenye vanishi isiyong'aa, asubuhi ukuta wote una ukungu mweupe.

KitovuChaChuma

Inageuka, ndugu yangu, hasa ile isiyong'aa. Ndiyo maana navuta mara moja tu, brashi karibu kavu. Ukungu ukishatokea, puliza tena vanishi mkono mwembamba, mara nyingi unafutika. Ukiweza, anza na spiriti, malizia na vanishi.

MamaWembe (Minneapolis)

Wapendwa, mimi nimeolewa na reli hii, ilikuwa ya mume wangu, sasa tunaijenga wote. HO, mwaka 1949. Nikaambiwa mabango ni kazi yangu, nami nikachagua Burma-Shave, kwa kuwa mambo hayo yalianzia hapa hapa Minnesota mwaka 1925. Ilikuwa krimu ya kunyolea. Waliweka mabao madogo mekundu kando ya barabara, kwa kawaida sita, kila moja na maneno machache, ukiendesha gari unasoma shairi kipande kwa kipande mpaka bao la mwisho lenye jina la krimu. Yaliendelea mpaka mwaka 1963.

Tatizo langu lilikuwa nafasi. Bao na bao zilitenganishwa kama futi 100. Kwa HO hiyo ni milimita 350! Mabao sita yanataka mita moja na robo tatu, na barabara yangu yote ina mita moja. Nilianza kwa kuyabana sentimita mbili mbili. Yakawa kama uzio wa bustani, ukitupa jicho umeshasoma shairi zima, raha yake imekwisha. Nikajaribu sentimita 15, barabara ikapinda kona mbili na kupotea nyuma ya kilima kimoja. Hapo ikakubali. Mabao mawili huyaoni mpaka usogee.

Yote ni ya Kiingereza kama inavyopasa. Ila kwenye njia ya shamba, nyuma kabisa, nimeweka safu moja niliyoitunga mwenyewe, kwa ajili ya mama mkwe anapotoka Kenya kututembelea:

Baba karudi
safari ya mbali
mtoto akimbia
kidevu kikali
Kanyoe kwanza
Burma-Shave

Anaanza kila mara kutoka bao la kwanza, anatembea na reli, anasoma kwa sauti.

Mjukuu wa Gadi (Nairobi)

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote nikaona nami nitoe yangu. Reli yangu ni Voi, mwaka 1960, wakati wa East African Railways and Harbours. Reli yetu ilikuwa ya upana wa mita moja, kwa hivyo kwa 1:87 natumia njia ya milimita 12. Injini ni Garratt ya mvuke ya daraja la 59, ile nyekundu iliyoiva, mwili wake umechapwa kwa plastiki. Vipimo nilihakikisha mwenyewe kwa Mount Gelai, injini halisi ya daraja hilo iliyosimama pale makumbusho ya reli Nairobi.

Mabango ya kwetu hayauzwi na mtu yeyote. Hakuna karatasi ya kununua ya duka la Voi. Kwa hivyo nilianza na kompyuta, nikaandika jina la duka kwa herufi nzuri, nikapunguza, nikabandika. Likaonekana kama benki. Fundi wa mabango wa kwetu aliandika kwa mkono: anaanza na herufi kubwa, akifika mwisho nafasi imeisha, herufi za mwisho zinabanana. Sasa naandika kwa brashi kwenye karatasi kubwa ya A4, na mkono wangu ukitetemeka nauacha. Napiga picha, naipunguza mara kumi, napeleka kwenye leza. Duka la baiskeli lina bango la Raleigh, la viatu lina Bata, na ukuta wa baa una Tusker.

Kisha udongo. Voi ni udongo mwekundu, hata ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa sababu yake. Mvua ikinyesha matone yanarusha tope ukutani mpaka nusu mita. Kwa 1:87 ni karibu milimita 6. Nilikusanya udongo wenyewe kwenye chupa, nikauchekecha kwa soksi ya nailoni, nikaupaka ukiwa mkavu kwa brashi laini kuanzia chini kwenda juu. Hakuna rangi ya dukani iliyonipa wekundu ule.

Lakini kisa chenyewe ni cha babu. Alikuwa gadi, amepita Voi mara zisizohesabika. Nilimleta aone, nikamwekea kiti. Mbele kabisa nilikuwa nimesimamisha bango kubwa la mbao, limetazama chumbani, mahali wageni wanaposimama. Kazi ya wiki tatu, wakubwa. Babu akaliangalia muda mrefu, akauliza: "Hili linasomwa na nani?" Nikamwambia, na wewe babu. Akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole mabehewa ya daraja la tatu upande wa pili. "Wenye kununua wako kule."

Nikaling'oa jioni ile ile, nikaligeuza litazame njia ya treni. Ilibidi nitengeneze na mgongo wake, mihimili miwili ya kuegemea, mbao zisizopakwa rangi, misumari iliyopitiliza. Mgeni akiingia sasa anaona mbao tupu. Akitaka kulisoma nampa simu, anaishusha mpaka usawa wa dirisha la behewa, anaisogeza polepole na treni.