Kutaka kila jambo liwe kamili: ni hulka tu au ni mwanzo wa ugonjwa wa ulaji?

Shangazi wa Pasua, Moshi

Habari zenu. Naomba ushauri kuhusu binti wa kaka yangu, aliye kidato cha nne katika shule ya bweni, ambaye tangu utotoni hupanga viatu kwa mstari na kuandika upya daftari zima kwa ajili ya kosa moja. Wakati wa Kwaresima alianza kuacha chakula, nasi tukadhani ni funga. Pasaka ikapita, naye akaendelea. Likizo hii anakatakata chapati vipande vidogo na kukaa navyo muda mrefu, anakimbia kila alfajiri hata mvua ikinyesha, na hedhi imekatika. Zahanati ya mtaani ilimpa dawa za vidonda vya tumbo. Mama yake anasema ndivyo alivyoumbwa, na walimu wanamsifu kwa nidhamu. Je, hulka inaweza kumfikisha mtu hapo?

Muuguzi wa Sakina, Arusha

Dada, inaweza kuchangia, ingawa wengi wenye hulka hiyo hawaugui kamwe. Kwa wagonjwa wengi wa anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula hadi mwili kudhoofika, kutaka ukamilifu huonekana tangu utotoni, na mara nyingi hubaki hata uzito ukirudi. Mwaka 2003 daktari wa akili Christopher Fairburn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, waliitaja hulka hiyo kuwa miongoni mwa mambo yanayoudumisha ugonjwa: mtu hujipimia thamani yake kwa viwango alivyojiwekea, akivifikia huviona vyepesi na kuvipandisha, akishindwa hujihukumu vikali.

Hata hivyo, msikihesabu kila kitu kuwa hulka. Mwaka 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa takriban miezi sita wanaume 36 wenye afya waliojitolea. Wakawa wanawaza chakula kutwa, wanauvuta mlo kwa muda mrefu, wananuna na kujitenga. Hiyo chapati inayokatwakatwa huenda ni njaa inayosema.

Mkazi wa Majengo

Kwa heshima, haya ni magonjwa ya Wazungu. Sijamsikia binti huyu akisema anaogopa kunenepa.

Mwalimu mstaafu, Njiro

Sisi walimu tunastahili kuulizwa pia, kwani mwanafunzi anayejinyima usingizi na chakula ili aongoze darasa tunampandisha jukwaani siku ya mahafali, na hakuna anayemwuliza lolote. Mama yake asilaumiwe. Azungumze na shule ili binti apumzishwe mbio na mchakamchaka.

Muuguzi wa Sakina, Arusha

Ndugu wa Majengo, hofu ya kunenepa si lazima itamkwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wanafunzi wa kike wa sekondari nchini Ghana uliwakuta 10 waliokuwa wakijinyima chakula. Walilitazama jambo hilo kwa jicho la dini na la kujitawala, bila wasiwasi wa kawaida kuhusu uzito au umbo. Kwaresima iliyokataa kuisha inanikumbusha hao.

Dada, mpelekeni hospitali ya KCMC wiki hii apimwe mapigo ya moyo, shinikizo la damu na madini ya damu, aonwe pia na wataalamu wa afya ya akili. Semeni wenyewe kuhusu hedhi, kwa kuwa yeye huenda asiseme. Wala msimshindilie sahani kubwa ghafla, maana mwili uliozoea njaa unaweza kudhurika vibaya chakula kikirudishwa kwa pupa. Kiasi na kasi ya kumlisha viamuliwe na daktari.