Kufuatilia baiathloni nyumbani msimu huu wa korona

Swali
Ndugu zangu, ninaishi kusini mwa Ujerumani, na kila Januari nilikuwa nikienda Ruhpolding kutazama baiathloni, mchezo unaounganisha mbio za skii na kulenga shabaha kwa bunduki. Msimu huu wa 2020/21 mashindano ya Ruhpolding yamehamishiwa Oberhof, mji mwingine wa Ujerumani, na huko nako watazamaji hawaruhusiwi. Nikitazama televisheni, ninashindwa kujua nani anaongoza. Ninyi mnafuatiliaje?

Jibu la kwanza
Pole sana, ndugu. Katika mbio fupi wanamichezo huanza mmoja mmoja kwa kupishana sekunde 30, kwa hiyo anayeonekana mbele si lazima awe anaongoza. Fungua kwenye simu jedwali la muda wa kila mwanamichezo, kisha uangalie hasa shabaha: kila inayokoswa humpeleka mtu kwenye mzunguko wa adhabu wa mita 150, na hapo ndipo ushindi hupotea. Mbio za kufukuzana, ambazo wanamichezo huanza kwa kupishana kulingana na tofauti zao za muda katika mbio iliyotangulia, ni rahisi zaidi, kwa sababu anayefika wa kwanza ndiye mshindi.

Jibu la pili
Naongeza kwamba ukimya wa uwanja una uzuri wake, kwani mlio wa kila risasi husikika wazi. Hata hivyo, Machi 2020 Mfaransa Martin Fourcade, bingwa wa baiathloni, alipostaafu kule Kontiolahti, Finland, kwa kushinda mbio yake ya mwisho mbele ya majukwaa matupu, niliumia moyoni. Bingwa yule alistahili kushangiliwa.

Muulizaji
Asanteni. Kesho nitakaa na jedwali mkononi.