Mjadala: Pikapu ya dizeli ya mtumba, ipimwe kwa mwaka au kwa hali ya injini?

Mtoa hoja, Tabata

Wakuu, salaam. Kikokotoo cha ushuru cha TRA, Mamlaka ya Mapato, kinaanza na mwaka gari lilipotengenezwa, na gari kuukuu linabebeshwa ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo anayetafuta pikapu ya kazi anasukumwa kwenye miaka ya karibuni, akiamini kuwa jipya ndilo imara. Kwa dizeli si hivyo. Kuna miaka mipya yenye magonjwa ambayo ya zamani haikuyajua. Mimi nasema pikapu zitozwe kwa hali iliyopimwa, umri usiwe hakimu peke yake. Anayepinga alete sababu.

Fundi wa dizeli, Gerezani

Nakuunga mkono, na mfano wa karibu ni Hilux. Ile yenye injini ya 5L, cc 2,986 bila turbo, ina pampu ya dizeli ya kawaida ambayo fundi anaifungua mezani. Badilisha mkanda wa taimingi, unaopatanisha vali na pistoni, kila kilomita 100,000, oili kwa wakati, basi. Mlima Kitonga itapanda taratibu lakini itafika.

Sasa chukua Hilux Vigo ya 3.0 ya kuanzia 2005 hivi, injini ya 1KD, komoni reli, yaani dizeli ya presha kubwa inayoongozwa na kompyuta. Chini ya kila nozeli, inayopulizia dizeli kwenye silinda, kuna washa ya shaba. Washa ikichoka, gesi ya mwako inapenya mpaka ndani ya kava ya vali, ambako oili inazunguka. Masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami, inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la mdomo wa kunyonyea. Presha inaanguka, metali zinazobeba krenki zinakauka, injini inanoki, yaani inagonga kwa ndani. Mwenye gari anaambiwa aliliacha bila oili, na dipstiki, kijiti cha kupimia oili, inaonyesha imejaa!

Namna ya kuikagua kabla hujatoa hela: gari liwe limelala usiku kucha. Liwashe likiwa la baridi na usikilize mgongano wa sekunde za mwanzo. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha kuwekea oili. Mvuke mwepesi ni kawaida, moshi unaopuliza kwa mapigo si kawaida. Pitisha kidole chini ya kifuniko: ukitoka na masizi makavu kama ya chungu cha kuni, rudi nyuma. Kisha unganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari usome marekebisho ya nozeli zote nne, yaani mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwa kila moja, yakiwa kati ya -3 na +3 hali ni nzuri. Mwisho, dai sampu ya chini ishushwe ulione chujio kwa macho. Ni kazi ya asubuhi moja pamoja na kuirudisha kwa gundi mpya.

Ukishanunua, badilisha washa zote nne kwa mkupuo. Kitako ambacho washa inakalia kisafishwe mpaka king'ae, na washa iliyokwisha kutumika isirudishwe hata kama inaonekana nzima. Na 1KD za kuanzia 2011 hivi mpaka 2014 zina la ziada, pistoni zinazopasuka. Hapo Vigo ya 2006 iliyotunzwa inaizidi ya 2012, ila kwenye ushuru inaadhibiwa ile ya 2006.

Msimamizi wa magari ya kampuni, Kurasini

Fundi, heshima yako, lakini mnaisifu zamani kupita kiasi. Injini ya 1KZ-TE ya miaka ya 1990, ile ya Toyota Surf na Prado, hedi yake ya aluminiamu inapasuka gari likichemsha mara moja tu. 4D56 ya Mitsubishi L200 ina mikanda miwili: ule mdogo wa shafti za mizani, zinazopunguza mtetemo, ukikatika unaingia kwenye mkanda wa taimingi, vali zinagonga pistoni, roka zinavunjika. Hizo nazo ni za zamani.

Halafu "hali iliyopimwa" ipimwe na nani? Kilomita zinarudishwa nyuma. Ukaguzi unaangalia taa, breki na matairi, hakuna anayeshusha sampu. Mwaka ni kipimo kibovu, nakubali, ila ni kigumu kuuchezea. Namba ya usajili ndiyo inayodanganya: "namba E" inakuambia gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haisemi lilitengenezwa lini. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, soma tarehe kwenye lebo iliyoshonwa chini, linganisha na kadi.

Na chesisi haidanganywi na injini nzuri. Pikapu zilizotoka Uingereza zimepita kwenye barabara zenye chumvi ya theluji. Nissan Navara D40 huko zilikatika chesisi katikati. Zikija hapa, zikafanya kazi ya samaki Kigamboni au Bagamoyo, kutu inamalizia. Pita na nyundo ndogo kuanzia usawa wa tangi la mafuta mpaka kwenye hanga za springi za nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya debe lenye maji. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu, ikwangue kwanza.

Muuza spea, Kariakoo

Navara zenye injini ya YD25, cheni ya taimingi inalegea. Ikisikika kama mnyororo wa baiskeli mbele ya injini, usisubiri. Ford Ranger za 2.2 na 3.2 za kuanzia 2011: ukimwaga oili usiende kula. Ikikaa tupu zaidi ya dakika 10 pampu inaweza kushindwa kunyonya tena, na injini inakufa ikiwa na oili mpya ndani. Mkonga, yaani Land Cruiser, wa injini ya 1HZ hauna mjadala, injini ni ileile tangu 1990, mwaka hauniambii kitu.

Ila ndugu zangu, mbona hamsemi mzigo? Tani moja ni mifuko 20 ya saruji. Pikapu hizi zinapakiwa 50. Kuongeza jani la springi kunainua gari tu, chesisi na ekseli zinabaki na uwezo uleule. Double cabin inapinda nyuma ya kabini, iwe ya 1998 au 2018.

Fundi wa dizeli, Gerezani

Msimamizi, 1KZ nakupa. Lakini tazama Hilux Revo za kuanzia 2015 zilizokuja na chujio la masizi kwenye ekzosi. Linajisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na foleni ya Mwenge kwenda Posta hailifikishi huko. Lala chini: ukiona vijibomba viwili vyembamba vinatoka kwenye ekzosi kwenda kwenye sensa, chujio lipo. Gari la namna hiyo lipelekwe mara kwa mara Chalinze kwa mwendo wa barabara kuu, au linunuliwe na wa safari ndefu.

Mtoa hoja, Tabata

Msimamizi amenibana kwenye suala la nani apime, nakiri. Basi napunguza dai langu: mwaka ubaki, lakini pikapu yenye cheti cha mambo matatu, chesisi iliyopigwa nyundo, chujio la kunyonyea oili lililopigwa picha na usomaji wa nozeli, ipunguziwe ushuru wa uchakavu. Fundi, kwa 5L isiyo na kompyuta, hilo la tatu tuliweke nini?

Fundi wa dizeli, Gerezani

Kompresheni, yaani presha ya kubana hewa, silinda zote nne, injini ikiwa ya moto. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo iandikwe kwenye cheti.